Cheti Kirefu cha Trevor Sugden

Sugden na Mwana, Wachonga Mawe
Otley, Yorkshire
20 Oktoba 2025

Dada yangu Brenda,

Nakuandikia nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, kwa hiyo barua ikikupigisha chafya usinilaumu. Natumaini goti limetulia na masikio hayajazidi kuharibika. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilikueleza habari za paa linalovuja, ukanijibu kwamba umeshakula.

Kuna balaa jipya. Sheria imebadilika. Kila mkurugenzi wa kampuni nchi hii, awe na maghorofa London au awe na nyundo na tindo kama mimi, lazima athibitishe utambulisho wake kwa msajili wa kampuni. Bi Pickersgill, mhasibu wetu, ameniita ofisini kwake akanikalisha kitini kama mtoto wa shule. Siku yetu ya mwisho ni tarehe kumi na nne Februari, tunapopeleka ile taarifa ya kampuni ya kila mwaka. Ikifika kabla sijathibitishwa, nitaruhusiwa kuchonga mawe lakini si kuwa mkurugenzi, na nikijifanya bado ni mkurugenzi nitakuwa nimevunja sheria. Nikamwambia, "Bi Pickersgill, wewe unanijua tangu nina nywele." Akasema, "Mimi nakujua, Trevor. Serikali ndiyo haikujui."

Na kweli hainijui. Sina pasipoti kwa sababu sijawahi kutaka kwenda kokote. Sina leseni kwa sababu gari linaendeshwa na Barry, msaidizi wangu wa karakana. Nina miaka sitini na minne, nimechonga majina ya nusu ya watu waliolala makaburini mji huu, na sina hata karatasi moja yenye sura yangu. Bi Pickersgill anasema niombe pasipoti, mengine yatakuwa mepesi. Ili niombe pasipoti nahitaji cheti cha kuzaliwa. Mama alipofariki ulichukua lile kopo la biskuti lenye karatasi zote. Nitafutie humo unitumie.

Na wewe umeshathibitishwa? Wewe pia ni mkurugenzi, usijifanye umesahau.

Mdogo wako,
Trevor


Penzance, Cornwall
28 Oktoba 2025

Trevor wetu,

Barua yako imetembea siku sita. Stempu ya daraja la pili tena! Najua fika kwamba una za daraja la kwanza kwenye droo, nilikununulia mwenyewe Krismasi. Utakuja kuzikwa nazo hujazigusa, mchoyo wewe.

Mimi nimeshathibitishwa. Morwenna, jirani yangu, alinishikia simu yake mbele ya uso, ikaniamuru nitazame mbele, nisogee, nisitabasamu. Nikamwambia Morwenna kwamba kwa miaka themanini na moja hakuna aliyewahi kunikataza kutabasamu isipokuwa Baba kanisani. Ikanikubali kabla chai haijapoa.

Cheti chako ndicho hiki nimekiweka ndani ya bahasha. Kitunze. Hakuna kingine kwenye kopo.

Vaa barakoa unapokata mawe. Kikohozi chako nilikisikia hata mimi kiziwi.

Dada yako,
Brenda


Otley
10 Novemba 2025

Dada Brenda,

Kimekataliwa. Bi Pickersgill alikigeuza mbele na nyuma kama mtu aliyepewa noti ya bandia, akasema hiki ni cheti kifupi. Kina jina, jinsia, siku na wilaya, basi. Wilaya ni Scarborough, kule alikokwenda Mama kumuuguza shangazi yake, mimi nikawahi kutoka. Wanaotoa pasipoti wanataka kirefu, chenye safu ya baba na safu ya mama.

Bi Pickersgill anasema zamani watu wengi walichukua kifupi kwa sababu kilikuwa cha bure. Nikamwambia huyo ni Baba yangu kabisa, huhitaji ushahidi mwingine wa uzazi.

Hebu kung'uta lile kopo. Mama hakuwahi kutupa hata risiti ya sabuni, hawezi kuwa alitupa cheti changu. Kama hakipo si neno, Bi Pickersgill anasema ukiwaandikia ofisi ya vizazi wanakutolea nakala kwenye vitabu vyao. Ila wewe lipekue kopo kwanza.

Mawe ni mengi msimu huu. Watu wanakufa kabla ya baridi kuanza, sijui wanaogopa nini.

Mdogo wako,
Trevor


Penzance
17 Novemba 2025

Trevor wetu,

Nimemwaga kopo lote kitandani. Hakipo. Huenda Mama alikichoma ile siku alipochoma barua za Baba.

Nimefikiri sana. Kwa nini ujitese? Umri wako huu, unaanza kuhangaika na ofisi na karatasi? Jiuzulu ukurugenzi. Kaa na tindo zako, chonga kama ulivyochonga siku zote, hakuna atakayekugusa. Mimi nimeshathibitishwa, nitabaki mkurugenzi peke yangu na kutia saini chochote Bi Pickersgill atakachonitumia. Jina kwenye lango ni lako na litabaki lako. Kwako hakitabadilika kitu.

Tafadhali usiwaandikie hao wa vizazi mpaka tuongee. Naomba hilo tu. Najua siombi mara nyingi.

Dada yako,
Brenda


Otley
26 Novemba 2025

Brenda,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na Barry nimempa asome nisije nikakuonea. Barry naye amesema kuna kitu unanificha.

Mwezi wa tisa alikuja bwana mmoja kutoka Leeds, viatu vinang'aa, akautazama uwanja wetu kama mtu anayepima suti. Anataka kuvunja karakana ajenge nyumba za ghorofa. Nikamfukuza. Alipofika langoni akasema, "Basi nitamwandikia mkurugenzi mwenzako." Nikasahau. Sasa nimekumbuka. Mara cheti hakipo, mara nijiuzulu, mara nisiandike popote, mara wewe utatia saini peke yako. Unadhani vumbi limenifika hadi kwenye ubongo?

Nitakuambia jambo ambalo nimelimeza miaka ishirini na saba. Wakati Mama anakufa nilikaa naye mimi. Wiki kumi na moja. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimbadilisha. Wewe ulikuja siku ya maziko kwa gari la kukodi, ukakaa saa mbili, ukaondoka na kopo. Siku zote umekuwa hivyo. Nilipokuwa mdogo ulikuwa kadi ya Krismasi na noti ya pauni moja siku ya kuzaliwa. Wenzangu walikuwa na dada, mimi nilikuwa na anwani. Baba alikosea kukuandika mkurugenzi, maana hujawahi kubeba hata jiwe moja.

Cheti nimeshakiagiza. Jana.

Trevor


Penzance
3 Desemba 2025
Kwa stempu ya daraja la kwanza

Trevor wetu,

Yote uliyosema kunihusu ni sawa, kasoro hilo la kuuza. Yule bwana wa Leeds aliniandikia, barua yake niliitia kwenye jiko. Muulize Morwenna, alikuwepo.

Nakusihi, bahasha ya vizazi ikifika usiifungue. Iweke juu ya kabati la vikombe. Nakuja mwenyewe. Nimeshanunua tiketi ya treni ya Jumatano ijayo. Daktari anaukataza moyo wangu safari ndefu, lakini daktari hakujui wewe. Nikifika tutaifungua pamoja, na kama baada ya hapo utataka nirudi na treni ile ile, nitarudi.

Usiifungue, Trev.

Brenda


Otley
4 Desemba 2025

Brenda,

Kimefika leo saa nne asubuhi. Barry alikuwepo, nikamtuma maziwa.

Kina safu. Ya pili, jina: Trevor. Ya nne, jina la baba: wamepiga mstari. Ya tano, jina la mama: Brenda Sugden, muuzaji katika duka la viatu, wa Otley. Ya saba, aliyetoa taarifa: B. Sugden, mama. Hiyo ni saini yako. Ile B yako yenye mkia haijabadilika hata kidogo.

Nilidhani wamekosea. Nikakikagua kama ninavyokagua jiwe kabla mteja hajaja kulichukua, herufi kwa herufi, kwa ncha ya penseli. Hakuna kosa.

Jiwe la Mama nililichonga mwenyewe. "Mama mpendwa wa Brenda na Trevor." Herufi za inchi mbili, siku tatu za kazi. Ulisimama pale makaburini na mwavuli wako, ukasoma, ukasema, "Umechonga vizuri, Trev." Ndivyo ulivyosema. Nimejaribu kukumbuka kama kuna kingine ulichosema, sikumbuki.

Kijiweni watu huwa wananiuliza, ukikosea herufi unafutaje? Nawaambia haifutiki. Unakata uso mzima wa jiwe, unashuka chini, unaanza upya, na jiwe linabaki jembamba.

Usije. Rudisha tiketi. Bi Pickersgill amekipokea cheti, anasema sasa mambo yangu yote yako sawa.

Trevor Sugden


Penzance
9 Desemba 2025

Trevor,

Tiketi nimeirudisha. Barua yako na yangu zilipishana njiani. Sasa nitaandika yote mara moja, maana nikiiacha kalamu sitairudia tena.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba yako aliitwa Dennis, alikuja na mafundi waliokuwa wakirekebisha reli, alikuwa mchekeshaji na mikono yake ilikuwa safi hata baada ya kazi. Kabla sijajua kuwa nina mimba alishakwenda Kanada. Hakuwahi kujua. Sikuwahi kumtafuta, na sijui kama yu hai. Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu yake, sikufichi tena kitu.

Mama aliponigundua hakunipiga. Alikaa kitako ngazini akasema, "Baba yako ni mzee wa kanisa." Basi. Jumapili iliyofuata akaanza kuvaa makoti makubwa, watu wadhani mwenye mimba ni yeye. Mimi nikapelekwa Scarborough, kwenye nyumba ya wasichana wa aina yangu, tulikuwa tisa, tunafua mashuka ya hoteli. Mwezi wa mwisho Mama akaja akapanga chumba karibu. Huku wakatangaza kuwa mke wa Wilf Sugden kaenda kumuuguza shangazi yake, na msichana wao kaenda kumsaidia. Hakukuwa na shangazi, Trevor.

Wenzangu wote watoto wao walichukuliwa na watu wageni. Nikaambiwa mimi nina bahati, wangu atabaki nyumbani. Niliamini. Nilikunyonyesha siku kumi na moja, kisha Mama akasema sasa inatosha, maziwa yatakuja kunisaliti.

Kwenda kukuandikisha nilikwenda peke yangu. Mama alitaka aende yeye, lakini kudanganya kitabu cha serikali ni jela, na Baba aliogopa. Yule bwana msajili alikuwa mzee, aliniandika polepole. Alipofika kwa baba akauliza, nikatikisa kichwa, akapiga mstari kwa rula. Halafu akachukua karatasi ndogo akaandika jina lako na siku yako tu. Akanisogezea akasema, "Binti, hiki ndicho utakachowaonyesha watu." Alikusudia wema. Hicho kidogo ndicho kilichotufichia miaka sitini na minne. Kile kirefu Mama alikichoma siku tuliyorudi Otley, na Baba akampa mtu kazi ya kupaka upya lango. Lilikuwa "W. Sugden". Likawa "Sugden na Mwana".

Unasema nilikuwa anwani. Ngoja nikuambie nilivyokuwa anwani. Ulikuwa na miaka mitano, ukaanguka uwanjani kwenye vipande vya mawe, goti likachanika. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, nimeshafungua mikono. Ukanipita. Ukakimbilia jikoni kwa Mama, na Mama akakupakata akanitazama juu ya kichwa chako. Hakuwa na ubaya, alikuwa akikupenda. Lakini nilijua kwamba nikibaki katika nyumba ile kuna siku nitakunyang'anya mikononi mwake mbele za watu. Mwezi ule ule nikaomba kazi hoteli ya mbali kuliko zote zilizotangazwa gazetini. Ilikuwa Penzance.

Siku ya maziko yake nilikaa saa mbili tu kwa sababu saa tatu nisingeziweza. Jiwe ulilichonga vizuri. Ningesema nini kingine pale, mbele ya kasisi?

Na kuhusu ukurugenzi. Sijawahi kubeba jiwe, ni kweli. Baba alipokaribia kufa alituandika wote wawili kwa msajili. Ilikuwa fidia yake, hakujua njia nyingine. Ile ndiyo karatasi pekee duniani, ukiacha hiyo uliyoiona, ambapo jina langu na lako yamekaa pamoja, langu juu na lako chini yake. Kila mwaka Bi Pickersgill akinitumia taarifa ya kampuni, natazama ukurasa huo. Nilikuambia ujiuzulu ingawa hicho ndicho kitu changu pekee. Nilikuwa radhi kukipoteza kuliko wewe ukione kirefu.

Mama yako alikuwa yeye, Edna. Usilikate lile jiwe. Alikulea.

Sijui nitie saini vipi.

Brenda


Penzance
6 Januari 2026

Trevor,

Sikuandikii kukusumbua. Krismasi imepita bila kadi na sikuitegemea, nasema tu ili usidhani ilipotea kwa posta.

Nataka kuuliza kama pasipoti imetoka, maana tarehe kumi na nne Februari si mbali. Hilo naweza kuuliza kama mkurugenzi mwenzako. Nijibu kwa neno moja tu, imetoka au haijatoka.

Bado unakohoa?

Brenda


Otley
29 Januari 2026

Brenda,

Imetoka.

Ulitaka neno moja, ndilo hilo. Yafuatayo ni ya ziada.

Kwenye picha nimekuwa kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku. Bi Pickersgill ameishika simu mbele ya uso wangu, ikaniamuru nisitabasamu, nikakukumbuka. Dakika kumi na tano ikajibu kwamba mimi ni Trevor Sugden. Nikamwambia Bi Pickersgill, "Bora hiyo imeshajua." Akadhani natania, akacheka, na mimi nikatoka nje nikakaa ukutani kwenye baridi mpaka Barry aliponifuata.

Wiki nane zimepita sijakuandikia. Nilianza barua nyingi. Za mwanzo zilikuwa mbaya, nashukuru sikuzituma. Nilikwenda makaburini na tindo kwenye mkoba, sikufichi. Nilisimama mbele ya jiwe la Mama. Nikakuta kuvu imeingia kwenye herufi, nikazisafisha kwa brashi, nikarudi nyumbani. Nimeliacha kama lilivyo.

Lile goti nalikumbuka. Kovu lipo. Nakumbuka jikoni na harufu ya sabuni ya Mama. Wewe sikukumbuki uwanjani. Nimejaribu sana, nimefumba macho pale pale nilipoanguka, sikuoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko cheti.

Kuhusu niliyoyaandika Novemba, kwamba ulikuwa anwani. Naomba unisamehe. Sijui nilipata wapi maneno yale.

Nimenunua tiketi. Jumamosi tarehe saba Februari, nafika Penzance saa kumi na nusu jioni. Sijawahi kukaa kwenye treni saa nyingi hivyo. Nakuletea keki ya tangawizi na jibini kutoka sokoni, kwa hiyo usipike, na kwa hisani yako usinipe samaki. Njoo stesheni ukiweza, usipoweza nitauliza njia. Nina karatasi yenye sura yangu sasa, hawatanizuia popote.

Sijui nikuite nani. Nimeandika "Brenda" hapo juu kwa sababu lolote jingine nikiliandika litakuwa limechongwa, na sitaki kuanza kwa maandishi. Nitakuita nikifika.

Trevor


Penzance
4 Februari 2026

Bwana Sugden,

Hatufahamiani. Mimi ni Morwenna Trembath, jirani wa dada yako. Nimepiga simu karakana yako mara tano tangu jana, inaita tu, nadhani mashine zinapiga kelele. Naipeleka barua hii posta mwenyewe ikufikie kesho, na nitaendelea kupiga.

Naomba ukae chini kabla ya kusoma. Brenda ametutoka jana Jumanne asubuhi. Nilimpelekea gazeti nikamkuta kitini karibu na dirisha la mbele. Daktari anasema ni moyo na kwamba hakuteseka. Pole sana kwa kufiwa na dada yako. Alikuwa akikutaja kila siku. Nilijua habari za mawe yako yote, hata ya watu nisiowajua.

Niseme jambo moja, na unisamehe kama linaumiza. Tangu Krismasi alikuwa akikaa dirisha lile kila asubuhi mpaka mtu wa posta apite. Nilimwambia atapata baridi. Akasema, "Ndugu yangu anatumia daraja la pili, lazima nimpe muda."

Leo asubuhi nilipokuja kufunga nyumba nikakuta barua mlangoni. Ina mwandiko wako na muhuri wa Ijumaa. Sijaifungua. Nimeiweka mezani karibu na miwani yake.

Kifo lazima kiandikishwe ndani ya siku tano, na inafaa afanye mtu wa karibu. Kama unakuja, nitakuchukua stesheni. Nitakuwa na koti la njano.

Kwa masikitiko,
Morwenna Trembath


Otley
20 Februari 2026

Mpendwa Bi Morwenna,

Nilikuwa mgeni mbaya. Ulinichukua stesheni, ukanipeleka kwa msajili wa vifo, ukanisubiri nje, ukanirudisha, ukanipa supu, na mimi sikukuambia hata maneno kumi. Unastahili kujua ulikuwa umembeba nani kwenye gari lako.

Ulinipa pole ya dada. Hata pale mlangoni kwake ulinipa tena, nami nikaipokea kwa sababu nimezoea kuwa na dada. Brenda alikuwa mama yangu. Nimelijua jambo hili tangu Desemba, na yeye alilijua siku zote. Mengine yamo kwenye barua aliyoniandikia. Ukija huku nitakupa uisome, maana nadhani angependa wewe ujue.

Kwa msajili kulikuwa na mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba. Akauliza jina la marehemu, nikataja. Siku ya kuzaliwa, nikataja. Kazi yake, nikasema mhudumu wa hoteli, mstaafu, na mkurugenzi wa kampuni. Halafu akauliza, "Na wewe ni nani kwake?"

Bi Morwenna, wiki tatu kabla ya hapo nilithibitishwa na serikali. Nina pasipoti. Nina namba. Yule mama aliuliza swali dogo kuliko yote, nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa, kama tulivyokuwa tukimfanyia Brenda. Nikajaribu tena. Mwisho nikatoa kile cheti kirefu mfukoni, nikakisukuma juu ya meza. Akakisoma, akanitazama, akaandika kwenye kompyuta yake: mtoto wa kiume. Akanisogezea nitie saini, nikatia. Kwa hiyo kitabuni imeandikwa, lakini mimi sijawahi kuitamka. Nilimwahidi kwamba nitamwita nikifika.

Ile barua bado imefungwa. Uliniuliza kama niiweke naye kwenye jeneza nikasema hapana, nikaitia mfukoni, ukanitazama vibaya kidogo na ulikuwa na haki. Niliogopa kuiweka naye kwa sababu ndani yake nimemwita Brenda. Stempu za daraja la kwanza alizoninunulia zipo kwenye droo, kumi na mbili, hazijapungua hata moja. Ijumaa ile niliziona, nikachukua ile nyingine kwa mazoea tu. Bi Pickersgill anasema nisijitese, posta ni posta. Mimi nimehesabu. Ya daraja la kwanza ingemfikia Jumatatu.

Tarehe kumi na nne ilipita salama, kampuni ipo. Bi Pickersgill amenitumia ukurasa wa wakurugenzi niuhakiki. Zamani lilikuwapo jina juu na jina chini. Sasa lipo moja.

Kasisi wenu ameniandikia kwamba jiwe linaweza kusimikwa mwezi wa tano, udongo ukishatulia. Nimechagua la hapa kwetu, la rangi ya asali, lisiwe geni kwake. Barry amejitolea kulileta kwa gari na mimi nitakuja naye. Nimeshachonga jina lake, na Sugden nimeiweka kabla ya Hosking, jina la marehemu mumewe. Nimechonga Otley na Penzance. Nimechonga miaka. Nimechonga "mke wa Jago". Kwangu mimi nimechonga jina langu mwishoni, na nafasi kabla yake nimeiacha tupu, nimeipima na kuichora kwa penseli.

Kesho ni Jumamosi, Barry haji, karakana haitakuwa na mtu. Nitalichonga neno lenyewe kesho, na nitalitamka kwa sauti.

Wako,
Trevor Sugden